Ibada Simuni, Jirani Mlangoni

Nasema nanyi nyote mlioko Likoni, Kisauni na Changamwe, na ninyi mnaotusikiliza kwa simu mkiwa Jeddah, Doha na Maskati, maana siku hizi redio ya Mombasa haiishii Mtwapa wala Mazeras.

Leo tunazungumzia ibada kwenye intaneti. Nina neno moja la kusema, na nalisema mapema ili anayeshuka Kengeleni au Magongo asilikose. Intaneti huifaa dini inapowafuata watu wanaojuana, na huidhuru inapochukua nafasi yao. Mengine yote ni ushahidi, na kila mmoja ataupima mwenyewe.

Tuanze mbali kidogo. Dini kutumia vyombo katika mji huu haikuanza na simu. Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliasisiwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875, na kengele yao ndiyo iliyowaita watu na kuwatahadharisha. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa, karatasi ya mawaidha na maoni kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Miaka ya 1950 redio ya Sauti ya Mvita ikasikika majumbani. Kisha zikaja kaseti: mawaidha kutoka Unguja na Dar es Salaam upande huu, kwaya kutoka bara upande ule. Juni 2009 waya wa baharini wa TEAMS ukafika Mombasa kutoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, na mwezi uliofuata ukafunguliwa ule wa SEACOM. Bei ya intaneti ikashuka, simu zikapata kamera, na mimbari na madhabahu vikaingia mfukoni.

Lakini tazama tofauti. Aliyesoma Al-Islah asubuhi aliweza kumkuta mwandishi wake msikitini jioni, akambishia. Sheikh Al-Amin alikuwa na nyumba inayojulikana na jamaa wanaojulikana, na tangu 1937 hadi alipofariki 1947 alikuwa Kadhi Mkuu, mtu ambaye ukiwa na neno naye unajua mlango wa kubisha. Aliyevuta kamba ya kengele Frere Town naye alijulikana kwa jina. Chombo kilibeba sauti, lakini mwenye sauti alikuwa na anwani.

Mgeuko mkubwa ulikuja mwaka 2020. Tarehe 13 Machi serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kabla mwezi haujaisha, misikiti, makanisa na mahekalu yalikuwa yamefungwa, na kafyu ya usiku imeanza. Tarehe 8 Aprili kuingia na kutoka Mombasa kukapigwa marufuku. Pasaka ya tarehe 12 Aprili ikasaliwa sebuleni. Ramadhani ikaingia, na tarawehe ikaswaliwa nyumbani, baba imamu, wanawe maamuma. Milango ilipofunguliwa Julai, ilifunguliwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na asiingie mwenye umri chini ya miaka 13 wala aliyepita 58. Mzee wa miaka sitini, ambaye safu ya kwanza ilikuwa kama yake kwa hati miliki, akaambiwa abaki nyumbani. Mjukuu akamfungulia YouTube, akamwonyesha pa kubonyeza. Korona ikaondoka, na mazoea hayakuondoka nayo.

Sasa tuingie mitaani tuone yanavyofanyika.

Chukua grupu la WhatsApp la ukoo mmoja huko Kisauni. Mzee wa familia amefariki Mishomoroni. Zamani hitima ilisomwa kwa kukaa: jamvi, ubani, sanduku la juzuu thelathini, kila mtu achukue kijitabu chake, na mwisho dua na kahawa. Sasa mjukuu anaandika orodha kwenye grupu, 1 hadi 30, na kila anayechukua juzuu anaikopi orodha na kuongeza jina lake mbele ya nambari. Ya kwanza kuondoka ni ya 30, Juzuu Amma, kwa sababu ya zile sura fupi tulizozikariri chuoni. Shangazi wa Mlaleo anachukua ya 29. Binamu aliyeko Doha anachukua ya 12. Wawili wanagongana kwenye ya 5, mmoja anasogea. Saa sita za usiku zimebaki ya 17 na ya 23, na msimamizi anaandika: "Jamani, marehemu hakuwa wa watu ishirini na wanane." Dakika chache, zote mbili zina wenyewe.

Wapo wasioikubali hitima asilani, wanaona ni uzushi, na aghalabu mmoja wao yumo kwenye grupu. Atatuma hadithi, mwingine atamjibu kwa hadithi, na msimamizi atalifunga grupu mpaka asubuhi. Hayo ni ya kawaida, tuliyazoea hata barazani. Ninachotaka ukione ni kwa nini jambo lenyewe linafanikiwa. Kila jina kwenye orodha ile lina uso. Asiyesoma juzuu yake atakutana na shangazi harusini, na shangazi hasahau. Simu haikuunda ukoo. Iliukuta ukoo upo, ikaurahisishia kazi.

Vuka Makupa uje Changamwe. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, mpango ambao maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia AMECEA waliupa kipaumbele mwaka 1976: familia za mtaa mmoja kukutana nyumba kwa nyumba, kusoma Injili, kusali rozari, kujuana hali. Lakini Changamwe ni mtaa wa shifti. Huyu yuko bandarini usiku, yule analinda ghala Port Reitz, mama yule anarudi kutoka kiwandani saa mbili za usiku. Kwa hiyo siku ya jumuiya watu sita wako sebuleni Chaani, na wengine wako simuni. Msomaji wa Injili anatuma ujumbe wa sauti akiwa kwenye kituo cha matatu, nyuma yake unasikia manamba akiita abiria wa mjini. Mlinzi anaitikia rozari kwa sauti ya chini akiwa langoni. Na yule mgonjwa aliyelala kwa miezi anasikia jina lake likitajwa katika maombi. Kesho yake mtu wa jumuiya anampelekea uji. Uji huo haukupita kwenye simu, ila habari ya kwamba unahitajika ilipita huko.

Na Likoni? Likoni ina mabinti na vijana wengi Ghuba, kwenye kazi za nyumbani, za udereva, za ulinzi. Mazishi ya Kiislamu hayangoji ndege. Mama anafariki asubuhi, anazikwa alasiri, na binti yuko Riyadh kwa tajiri ambaye labda hata hajampa ruhusa ya kuketi. Basi mdogo wake anainua simu juu ya vichwa vya watu ili dada aone jeneza likitoka. Mzee mmoja anakemea: "Teremsha simu hiyo, mwanangu, maiti ana heshima yake." Kijana anajibu: "Babu, ni Mwanaisha, anataka kumuaga mamake." Mzee ananyamaza, kisha anampisha asogee karibu. Hukumu ile aliitoa mtu aliyemjua Mwanaisha tangu anatambaa. Kamera ya mgeni ingefukuzwa pale pale, na ingekuwa haki.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, wameipata wanawake. Misikiti yetu mingi iliwapa kinamama chumba chembamba nyuma, na mingine haikuwapa kitu. Sasa ustadha yuko Bakarani, anatoa darsa kwa ujumbe wa sauti, na wanafunzi wake wanasikiliza wakikaanga viazi karai au wakisukuma chapati. Maswali ya hedhi, ya talaka, ya mume asiyetoa masurufu, ambayo mwanamke angeona haya kumuuliza shehe mbele za watu, yanaulizwa faragha na yanajibiwa. Hilo ni jambo jema, na asiyeliona ni yule ambaye msikiti haujawahi kumfungia mlango. Lakini zingatia kwamba ustadha yuko Bakarani. Akijibu vibaya, watamfuata.

Mabohora nao wana utaratibu wa kuutazama. Katika siku za mwanzo za Muharram, kiongozi wao, Syedna, hutoa waadhi katika mji mmoja wa dunia, na hotuba ile hurushwa mubashara kwa jamaa zake wa nchi nyingine. Wanaokaa Mombasa huisikiliza msikitini, wamekaa safu kwa safu, kanzu nyeupe na kofia za dhahabu, na baada ya hapo wanazunguka sinia moja. Msemaji yuko ng'ambo, wasikilizaji wako bega kwa bega. Wametumia mitambo ya kisasa bila kumruhusu mtu ajifungie chumbani na mtambo wake.

Hata hivyo, msikilizaji, sitaki ufikiri ninasifu tu. Twende kwenye mwezi.

Kila mwaka, jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani, Waislamu wa pwani huinua macho magharibi. Zamani tulingoja Kadhi Mkuu atangaze redioni, na ugomvi wa kama tufuate mwezi wetu au wa Makka ulikuwapo, tena mkali. Leo, kabla adhana ya magharibi haijaisha, simu imeshaleta habari. Umeonekana Saudia. Umeonekana Pemba. Haujaonekana. Umeonekana Tanga, na picha hii hapa. Picha ni ya mwaka jana, au ya mwezi wa nchi nyingine, lakini imeshafika grupu saba. Nyumba moja ya Mtongwe, baba amefunga, mwana anakula sikukuu, na mama anapika futari na pilau kwa zamu.

Sasa jiulize, sheria inataka nini? Mwandamo ni ushahidi. Mtu anakuja mbele ya kadhi, anaulizwa yeye ni nani, alisimama wapi, aliuona upande gani, alikuwa na nani. Kadhi Mkuu wa sasa, Sheikh Abdulhalim Hussein Athman, aliyeshika kazi mwaka 2023, ana ofisi, na akikosea kuna wa kumuuliza. Ujumbe uliofowadiwa mara nyingi hauna shahidi. Hauna hata mtu wa kumwambia kwamba amesema uongo.

Dini zenyewe zimelijua jambo hili, na zimeweka mpaka. Mwaka 2020 wanazuoni wengi wa Kiislamu walisema Ijumaa haiswaliwi kwa kumfuata imamu aliye kwenye simu. Swali adhuhuri nyumbani kwako, hotuba isikilize kwa faida ya elimu. Vatikani nayo, katika waraka wake wa Februari 2002 kuhusu Kanisa na Intaneti, ilisema wazi kwamba sakramenti hazitolewi kwenye mtandao. Na Kanisa hilohilo, tarehe 7 Septemba 2025, lilimtangaza mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, moja ya sifa zake ikiwa tovuti aliyoitengeneza kueleza miujiza ya Ekaristi. Hakuna mgongano hapo. Mtandao ufundishe, na ekaristi ipokewe kwa mkono na ulimi.

Tatizo ni pale mpaka huo unapovukwa na mtu ambaye hatumjui.

Anza na fedha. M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2007, na leo sadaka, zaka na fungu la kumi vinapita humo. Vyema, hata mweka hazina wa kanisa hana tena haja ya kutembea na gunia la sarafu. Lakini mhubiri aliye mbali anasema panda mbegu sasa hivi, nambari ya Paybill iko chini ya skrini, na mama wa Bangladesh kule Mikindani anapanda mbegu ya Fuliza, yaani sadaka ya deni, inayoongezeka ada kila siku. Mchungaji wa mtaa angejua kwamba mtoto wa mama huyu karudishwa nyumbani kwa karo. Pengine angemrudishia noti yake. Wa skrini hajui, na hana njia ya kujua.

Wengi wetu tunaikumbuka Emmanuel TV ya marehemu T.B. Joshua wa Lagos. Watu wa hapa Pwani waliitazama, na wakaambiwa waguse kioo cha televisheni wapokee uponyaji. Aprili 2021 YouTube iliifunga chaneli yake kwa kosa la matamshi ya chuki, na Juni mwaka huo akafariki. Januari 2024 BBC ikatoa ushuhuda wa waliokuwa wafuasi wake, walioishi ndani ya boma lake, wakieleza mateso na unyanyasaji. Sikiliza vizuri: waliokuwa mbali waliona miujiza, na waliosema walivyoteswa ni waliolala chini ya paa lake.

Upande wetu Waislamu, tusijitie hamnazo. Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa siasa kali, aliuawa kwa risasi tarehe 27 Agosti 2012 katika barabara ya Malindi, karibu na Bamburi, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Hilo ni deni la dola. Lakini hotuba zake hazikufa naye. Zilikuwa kwenye kaseti na DVD, zikahamia YouTube, na kijana aliyekuwa mtoto mdogo siku ile anaweza kuzisikiliza leo. Utaniambia, Rogo hakuwa mgeni, alijulikana hapa. Kweli. Ujirani si kinga kamili. Tofauti ni kwamba alipokuwa hai palikuwa na masheikh waliomjibu, uso kwa uso, na wengine walilipa kwa uhai wao. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliyepinga siasa kali misikitini, aliuawa Likoni alfajiri ya tarehe 10 Juni 2014 akielekea kuswali. Kijana mwenye simu anasikia sauti ya upande mmoja. Upande wa pili haumo kwenye rekodi.

Na Shakahola. Paul Mackenzie alianzisha kanisa lake la Good News International huko Malindi mwaka 2003. Mahubiri yake ya siku za mwisho yalikwenda hewani kupitia Times TV na yakapandishwa YouTube. Yalizungumza vibaya juu ya shule na hospitali, na yakawafikia watu wa kaunti mbalimbali, wengine wakiwa na kazi nzuri na elimu. Mwaka 2019 kanisa likafungwa, naye akahamia msitu wa Shakahola, Kilifi, na wafuasi wakamfuata. Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa, na maiti zilizotolewa zikazidi 400, watoto wengi wakiwamo. Januari 2024 yeye na wenzake walisomewa mashtaka ya ugaidi katika mahakama ya Shanzu, hapa hapa Kisauni. Wamekana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Lakini wakati sisi tukidhani jambo limekwisha, Julai 2025 makaburi mengine yakaanza kupatikana Kwa Binzaro, eneo la Chakama.

Tunapozungumzia Shakahola huwa tunasema watu walidanganywa na mhubiri. Tuseme na hili: walitolewa kwanza mikononi mwa jirani. Skrini iliwakuta nyumbani mwao, ikawafundisha kumshuku mwalimu, daktari, ndugu na hata mchungaji wa zamani. Walipofika msituni, hakukuwa na mtu wa kuuliza mbona mtoto wa fulani haonekani kisimani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jamaa walioona hatari walipiga simu, waliandika barua, walikwenda polisi, nao walikuwa mbali.

Sasa nije kwa wanaonitia taabu katika hoja yangu, maana nimeahidi ushahidi, sio nusu ya ushahidi. Hao ni Wabudha. Mtu wa Kisauni aliyevutiwa na mafundisho ya Buddha afanye nini? Kushoto kwake msikiti, kulia kwake kanisa, na mbele hekalu la Wahindu ng'ambo ya daraja la Nyali. Hekalu la Kibudha ni safari ya kwenda Nairobi, au Dar es Salaam, ambako wahamiaji wa Kisinhala kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, walijenga lao Upanga miaka ya 1920. Wamo Wabudha kati ya mabaharia wa Myanmar na Sri Lanka wanaotia nanga Kilindini, na kati ya Wachina waliojenga reli mpaka Miritini iliyozinduliwa Mei 2017. Baharia yule, akiwa na bando la intaneti mkononi, anafungua simu na kumsikia mtawa wa kwao akisoma sutra. Umwambie nini? Kwamba akatafute jirani wa dini yake Changamwe? Hampati. Kwake simu ndiyo hekalu, na bila simu hana kitu.

Hoja yangu ingeanguka hapo, kama si kisa cha mtu mmoja wa Uganda. Bhante Buddharakkhita, jina la kuzaliwa Steven Kaboggoza, alikwenda India mwaka 1990 kusoma biashara, akakutana na watawa wa Kithai, akaingia Ubudha, na mwaka 2002 akawekwa wakfu kuwa mtawa huko Marekani. Aliporudi Uganda na kichwa kilichonyolewa na shuka la kitawa, watu walimshangaa njiani. Angeweza kukaa ng'ambo akahubiri Afrika kwa kamera, na kweli mafundisho yake yapo mtandaoni, anayetaka ayasikilize. Lakini mwaka 2005 alianzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda, Garuga, karibu na Entebbe, mahali penye nyumba, miti na watu wa kijiji wanaoingia na kutoka. Na Ubudha wenyewe unamtaka mfuasi akimbilie hifadhi tatu: Buddha, mafundisho yake, na jumuiya ya wafuasi, sangha. Jumuiya ni moja kati ya tatu. Kwa hiyo hata dini ambayo sisi huidhani ni ya mtu kukaa peke yake na kufumba macho, haimwachi mtu peke yake. Mtandao uwe daraja la kumfikisha mtu mahali palipo na watu. Baharia wetu naye ana merikebu, ana wenzake, na siku moja atafika bandari ya kwao.

Kabla sijamaliza, neno kwa wanaosema simu haina ubaya, mbaya ni mtu. Simu nayo ina tajiri wake. Novemba 2020 jarida la Motherboard la Marekani lilifichua kwamba programu ya Muslim Pro, inayotumiwa na mamilioni kujua nyakati za swala na mwelekeo wa kibla, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ikatangaza kukata uhusiano huo. Wewe ulikuwa unatafuta kibla, na kuna aliyekuwa anakutafuta wewe. Muadhini wa msikiti wa mtaani hana biashara hiyo.

Serikali nayo inajaribu. Oktoba 2025 sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 ilifanyiwa marekebisho, ikagusa maudhui ya itikadi kali za kidini, na baadhi ya vifungu vikasimamishwa na Mahakama Kuu siku chache baadaye. Wanasheria wabishane. Mimi nasema hakuna kifungu kitakachomjua kijana aliyeacha kula, aliyeacha kuzungumza na mamake, anayeshinda na vipokea sauti masikioni Shika Adabu au Junda. Atakayemjua ni wa mlango wa pili.

Basi maimamu, wachungaji na mapadri wetu, msiiache intaneti kwa wageni. Rusheni mawaidha yenu, semeni kwa Kiswahili tunachokielewa, wekeni majina yenu na mahali mlipo, na mkiulizwa swali jibuni. Mzazi, ujue mtoto wako anamsikiliza nani kama unavyojua anacheza na nani. Na wewe msikilizaji, kabla hujamtumia mtu wa skrini shilingi yako au utii wako, uliza mambo matatu: anaishi wapi, ni nani anayeweza kumwambia amekosea, na siku ukiugua ni nani atakuja kwako. Akikosa majibu, msikilize ukitaka, ila usimfuate.

Mawaidha ya dunia nzima yako mkononi mwako, yasikilize upendavyo. Lakini Ijumaa hii, au Jumapili hii, nenda ukaonekane. Na kama kuna mtu wa safu yako au benchi lako hajaonekana wiki mbili, usimtumie ujumbe. Vaa viatu, ukabishe hodi.